Mwambie Fundi Wako

14 Januari

Dada yangu Sisimizi,

Nakusalimu sana, halafu nakusalimu tena kwa niaba ya wote. Huku hatujambo. Mjukuu mkubwa ameng'oka jino la mbele akalimeza pamoja na mkate. Mdogo wake alilia kuliko mwenye jino. Mwanangu anasema shangazi yake asimsahau kwenye maombi, kazini wameletewa bosi mpya. Mkwe anakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni mgongo tu, lakini huu ni mgongo wa fundi makochi, ukiacha kuuma nitajua nimekufa. Na wewe, goti? Tangu ukabidhi mwiko pale jikoni shuleni, umewahi kukaa kitako hata nusu saa? Nakujua. Hilo jina la Sisimizi hukupewa bure.

Usiniulize kwa nini naandika na simu zipo. Simu huku ikipigwa inawekwa katikati ya meza, inapayuka, nyumba nzima inasikiliza. Wewe unasema hamjambo, mimi nasema hatujambo, imekwisha. Karatasi angalau haina kipaza sauti.

Basi sikiliza. Dada, nimechoka kupumzika.

Asubuhi wanatoka wote, wa kazini kazini, wa shuleni shuleni, mlango unajifunga nyuma yao, nami nabaki ghorofa ya nne na jokofu. Nalo jokofu lina kazi. Nakunja blanketi. Nikiona halikukaa sawa nalikunjua, nalikunja upya. Nashuka kwa lifti, nazunguka jengo, napanda kwa lifti. Bustanini kuna benchi la wazee wenzangu. Hawajui lugha yangu, sijui yao, basi tunatikisiana vichwa mpaka shingo zinauma. Televisheni nayo watu wanacheka, na mimi nacheka kidogo, nisionekane mshamba mbele ya makochi. Jana nilijaribu kuosha kikombe changu mwenyewe. Mkwe akakikimbilia: "Hapana jamani, Baba, umefanya kazi ya kutosha maishani mwako." Anasema kwa mapenzi, namwona machoni. Lakini ndiyo hali yangu hiyo, nimekatazwa kikombe kwa heshima.

Nina maombi mawili. Ukimpata msafiri, nitumie sindano yangu iliyopinda na nyundo ile ndogo. Hata nisipozitumia, nizishike. La pili, karakana yangu. Nilikuachia ufunguo kwa sababu ni wewe. Usimruhusu mtu aguse benchi langu. Usiku nikikosa usingizi naifungua kichwani, naona springi zimeninginia ukutani, nasikia harufu ya gundi, ndipo nalala. Siku nikishindwa kabisa huku, nitarudi pale nikae mahali pangu niwe mtu tena. Hilo tu ndilo linaloniweka, dada.

Kaka yako,
Misumari


20 Februari

Kaka yangu Mzee Misumari,

Pole na mgongo, pole na blanketi. Barua yako imekaa njiani mpaka bahasha ikawa laini. Hapa tu wazima. Goti linapanda ngazi kwa masharti. Binti yangu wa mwisho alihamia kwake mwezi uliopita, mume wake kapata kazi mbali, kwa hiyo nyumba sasa ina utulivu. Nimezoea kupikia shule nzima, siwezi kupika kidogo. Napika sufuria, nakula kitu kile kile siku tatu. Utulivu mwingi. Tuyaache hayo. Kinyozi jirani wa karakana anakusalimu, anasema tangu uondoke hana wa kubishana naye.

Mwambie mkwe wangu ana malezi mema, lakini akupe hata vitunguu umenye.

Kuhusu sindano na nyundo, kaka, siwezi kuzituma. Kwanza hakuna msafiri. Pili, zinatumika.

Sasa usipandwe na mori, keti kwanza. Nilikwenda kufagia kama ulivyoniagiza ulipoondoka. Nikakuta panya wamefungua kochi la yule mama wa duka la dawa, lile uliloliacha nusu, na mwenyewe kila siku anaulizia mlangoni. Nikasema hii sasa ni aibu ya ukoo. Kuna mtu akajitolea kulimaliza. Nikamwachia. Amelimaliza, mama amelichukua, hajalirudisha. Basi huyo fundi amebaki. Anaingia asubuhi, anafagia kabla ya kazi na baada ya kazi. Ni mtu wa hapa hapa, mtulivu, havuti, hanywi. Huu ni mwezi wa pili sasa.

Ungekuwepo ningekuuliza. Hukuwepo.

Dada yako


18 Machi

Dada,

Salamu. Wote wazima. Jino limeota lingine.

Sasa naona kweli, asiyekuwapo na lake halipo! Nakuachia ufunguo, unampa mtu asiye na jina! Fundi gani huyo? Kafundishwa na nani? Nyundo ile mpini wake umechongwa kwa kiganja changu, mtu mwingine akiishika itamtoa malengelenge, na ninaomba imtoe. Nilimpigia kinyozi kumuuliza. Alicheka mpaka simu ikakatika. Nikapiga tena, akasema, "Fundi ni mzuri, mzee, mzuri sana," akacheka tena. Sijui siku hizi anavuta nini.

Na wala usifikiri nakosa usingizi kwa sababu sina la kufanya. La kufanya ninalo! Mwanangu kanipeleka kwenye klabu ya wazee. Tunakusanywa kila Jumanne kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki, anakuja binti mchangamfu kama ndege, anapiga makofi, kisha anatugawia kalamu za rangi. Dada, nilipewa bata. Picha ya bata, niipake rangi. Mimi, niliyevalisha viti vya ukumbi mzima wa benki! Nikampaka. Nikasifiwa. Bata huyo sasa yupo mlangoni kwenye jokofu, kila nikitaka maziwa ananiangalia.

Haya. Kama huyo ni fundi kweli, muulize mambo matatu. Springi ya wapi hufungwa kwanza? Kitambaa hupigiliwa kuanzia wapi? Na akiwa anagonga, misumari anaiweka wapi? Akikosa hata moja, chukua ufunguo, funga, muage vizuri, aende zake.

Ndimi kaka yako, mwenye bata


22 Aprili

Kaka yangu mpendwa,

Nimecheka hilo bata mpaka goti likaniuma. Usilitoe mlangoni, nitakuja kuliona siku moja. Hapa tunaendelea. Mvua imenyesha, paa la jikoni kwangu limevuja mahali pale pale. Mikono imekuwa migumu kidogo na vidole vina majeraha, labda ni kwa ajili ya kufua. Nashukuru Mungu, nalala vizuri siku hizi, nikigusa mto nimekwenda.

Nimemuuliza fundi maswali yako. Alikaa akayafikiria kama mtahiniwa. Springi, anasema ya kati kwanza, kisha unatoka nje kwa nje, maana ukianza pembeni ya kati itakosa pa kusimama. Kitambaa, anasema unaanza katikati ya kila upande, msumari mmoja mmoja, bila kuuzamisha, na pembe huwa za mwisho. Hayo anasema aliyaona kwa macho yake zamani, kwa fundi mzee. Misumari anaiweka kwenye kopo.

Najua utakavyosema kuhusu kopo.

Malengelenge yalimtoka kweli, dua yako ilifika. Yamekwishapona.

Naye ana swali lake, ila anaogopa kukuuliza, nimelazimika kumsemea. Mwalimu mkuu ameleta kiti chake cha ofisini, kile kikubwa. Kinalalia kushoto. Fundi amefungua, amebadilisha mikanda ya chini yote, amefunga springi upya, kamrudishia. Baada ya wiki mbili kimelala kushoto tena. Amekifungua mara ya pili, haoni kosa. Wanafunzi wameanza kumcheka mwalimu, na fundi hana raha. Yaani, nasikia hana raha. Afanyeje?

Dada yako


16 Mei

Sisimizi wangu,

Salamu kem kem! Hatujambo kabisa, hata mgongo umenyamaza. Bosi mpya wa mwanangu ameonekana ni mtu. Barua yako imefika saa nne asubuhi, nimeisoma nikiwa nimesimama, na tangu hapo sijakunja blanketi.

Mwambie fundi wako kiti hakina kosa. Aliyeegemea ni mwenye kiti! Mwalimu mkuu anaandika kwa mkono wa kulia, mwili anautupa kushoto siku nzima, kwa hiyo springi za kushoto zinachoka peke yake. Asifunge zote sawa. Za kushoto azifunge kwa kamba mbili, na sponji ya upande huo aizidishe kidogo, kiasi cha unene wa kidole. Kiti kikitoka kwake kiwe kimelalia kulia. Mwalimu atalalamika wiki ya kwanza. Ya pili atamletea zawadi. Fundi asiangalie kiti peke yake, aangalie mtu anavyokaa.

Na mwambie atupe hilo kopo. Misumari ni mdomoni. Mkono mmoja unavuta kitambaa, mwingine una nyundo, sasa wa kopo utatoka wapi? Aweke michache, ulimi uugeuze msumari kichwa mbele, midomo iutoe mmoja mmoja. Atajichoma siku chache. Atazoea.

Sasa nikupe kioja. Hayo ya pembe nilitaka kumwandikia vizuri, nikakuta mikono inajua ila mdomo haujui. Unakunjaje pembe? Nimezikunja maisha yangu yote, sijawahi kuzisema. Nikaona bora niione. Nikachukua kiti kimoja cha mezani cha mkwe, nikakigeuza, nikakivua nguo kwa kisu cha siagi. Nimekaa chini zuliani, sponji huku, kitambaa kule, misumari mdomoni, nina furaha zangu, mkwe huyo anaingia! Siku hiyo kawahi kutoka kazini. "Shikamoo Baba." Nitaitikiaje na midomo imejaa chuma? Nikamtolea sauti ya puani. "Baba, vipi?" Nikatikisa kichwa. Akaona mdomo umekaza upande, macho yamenitoka, maneno hayatoki, akapiga yowe kwamba nimepooza! Kabla sijasimama kwa mgongo huu, ameshampigia mume wake, na amepiga simu ya gari la wagonjwa. Nikatema misumari kiganjani, nikamwambia, "Marahaba, mkwe." Alikaa chini pale pale zuliani. Akalia kwanza, kisha akacheka, kisha akakiangalia kiti. Akaniuliza polepole, "Baba, kumbe ulikuwa unataka kazi?"

Nikampa upande mmoja wa kitambaa anishikie.

Watu wa gari la wagonjwa walipanda mpaka juu. Walinipima, wakakuta mzima, wakaenda zao wamenuna.

Lakini mwanangu alitishika. Usiku alinikalisha akasema, "Baba, naona umekonda kwa kupakumbuka nyumbani. Nisamehe. Nitakukatia tiketi." Dada, narudi! Mwisho wa mwezi wa tisa, narudi kabisa. Nitafungua mlango wangu, nitakaa kwenye benchi langu. Mwambie fundi wako namshukuru, amefanya kazi ya kiungwana, lakini mpaka mwezi huo awe ametafuta mahali pengine. Karakana ni ndogo, haiwezi kubeba mafundi wawili.

Kaka yako mwenye furaha,
Misumari


25 Juni

Kaka,

Nimechelewa kukujibu. Tulikuwa na shughuli.

Hapa hatujambo. Goti vile vile. Paa limezibwa. Maji ya bomba siku hizi sijui yanatoka wapi, chai ina ladha ya chuma, hata niweke sukari kiasi gani haitoki. Nimebadilisha birika, wapi. Kinyozi anakusalimu. Nafurahi kwamba mkwe amekuelewa, na pole kwa kuwatisha wenzako.

Nimefurahi pia kwamba unarudi. Nasema kweli, nimefurahi. Nyumba yangu ina chumba, utafikia kwangu kwanza.

Kiti cha mwalimu mkuu kimesimama wima. Wiki ya pili alileta zawadi, kama ulivyosema.

Ujumbe wako nimeufikisha. Fundi ameweka nyundo chini. Karakana ni yako, hilo analijua, hajawahi kulisahau hata siku moja. Kuna kochi kubwa la daktari wa meno, la chumba cha kungojea, lilikuwa limeshaletwa. Amemwambia daktari alichukue. Daktari amekataa, anasema atangoja tu. Limesimama hapo katikati. Fundi ataosha zana, atazipanga ulivyoziacha, ufunguo utaukuta kwangu kwenye msumari wake.

Umeuliza atakwenda wapi? Hukuuliza. Basi nakujibu tu. Hana pa kwenda. Kuna watu, kaka, wakiamka asubuhi bila mtu wa kuwangoja, hata kuvaa viatu wanaona ni safari. Wanapika sufuria nzima, wanaikodolea macho. Huyu alikuwa hivyo. Halafu akapata mahali pa kuwahi. Miezi sita hii imekuwa mizuri kwake, mizuri sana, na amesema nikushukuru kwa kumfundisha. Ameniambia kwamba mtu hajawahi kukaa chini akamweleza kitu hatua kwa hatua, kana kwamba anaweza.

Nimemaliza. Safari njema utakapoanza.

Dada yako


19 Julai

Sisimizi, dada yangu, mtoto wa mama yangu,

Nimeanza kuandika mara tatu. Wajukuu hawajambo, wamefunga shule. Mwanangu hajambo. Mkwe hajambo, nitakueleza habari zake.

Barua yako niliisoma mezani, nikafika mwisho, nikahuzunika kwa ajili ya huyo mtu. Nikarudia mwanzo. Nikafika kwenye chai. Nikaweka kikombe chini, na mkwe akaniuliza, "Baba, umepata habari mbaya?" kwa sababu machozi yalikuwa yanatoka. Nikamwambia hapana, nimepata habari kubwa, ila imefichwa kwenye salamu.

Dada, bomba halina kosa. Birika halina kosa. Wifi yako marehemu alibadilisha birika tatu mwaka tuliooana, mimi nalalamika tu kwamba chai ya mke wangu ina ladha ya chuma, mpaka baba akacheka akanifunulia siri, kwamba ladha ni ya misumari ninayoiweka mdomoni. Kabla ya chai, mwambie fundi wako asukutue kwa maji ya uvuguvugu, chumvi na ndimu. Ateme, asukutue tena. Hapo chai itakuwa chai.

Sikuulizi neno, na wewe usinijibu neno. Nakumbuka tu. Nakumbuka msichana mdogo amekaa chini ya benchi la baba, anampitishia misumari. Baba hakuwa akiomba. Mkono ulikuwa unatokea tu, na msumari ndani yake ni wa saizi ile ile anayoitaka. Mimi nilikuwa nafundishwa nyundo, nakosea, napigwa konzi, na mkono ule haukukosea hata mara moja. Siku moja baba akasema, "Mkono huu ungekuwa wa mvulana, karakana ningeuachia huu." Alisema kwa kusifu. Msichana akatoka chini ya benchi, akaenda jikoni, hakurudi tena. Baba alijua mengi, Mungu amrehemu, lakini pale alikosea. Sikuwa na umri wa kumwambia. Sasa ninao.

Kwa hiyo yale niliyoandika mwezi wa tano, yafute. Mwambie fundi wako asioshe zana, zinashika kutu. Mwambie daktari wa meno asilisogeze kochi lake.

Na mimi je? Sikia. Mkwe aliniletea viti vingine vitano vya meza ile. Nilipovimaliza akamwita mama wa ghorofa ya pili aje avione. Huyo akaleta stuli ya piano. Mtunza jengo akaona watu wanapanda na viti kwenye lifti yake, akaja juu kugombana, akakalia kimoja, akanyamaza. Kesho yake akanipa kichumba chini, pembeni mwa mita za umeme. Kina taa na mlango. Wale wazee wa benchini wanakuja kukaa, wananishikia kitambaa, mmoja ananifundisha kuhesabu kwa lugha yao. Jumanne siendi tena klabu, binti yule mchangamfu amenifuata mwenyewe na kiti chake. Vile vile, mkwe ananiruhusu kuosha vikombe.

Lakini yote hayo yalianza na kiti cha mwalimu mkuu. Siku ile nilipoulizwa "afanyeje", dada, niliamka. Kumbe sikuwa na njaa ya karakana. Nilikuwa na njaa ya kuulizwa.

Tiketi ipo pale pale, mwisho wa mwezi wa tisa. Nimemwomba mwanangu iwe ya kwenda na kurudi, miezi miwili, maana huku nina viti vya watu. Nitaleta sindano mbili mpya zilizopinda. Ombi langu ni moja, na naliomba kwa adabu. Karakana ni ya fundi. Muulize kama kwa miezi hiyo miwili anaweza kumpokea mzee mmoja mwenye mgongo. Sihitaji benchi. Kigoda tu karibu na mlango, nimwone akifanya kazi. Akikataa ana haki, nitakaa kwa kinyozi tubishane.

Kaka yako


10 Agosti

Kaka yangu,

Shikamoo. Hapa hatujambo, chai ni chai. Goti limepata mganga, nimeacha kulihurumia. Kinyozi alikuwa ameapa kutokuambia, sasa amepewa ruhusa, anausimulia mtaa mzima ulivyofichwa na anadai ni yeye aliyemgundua fundi. Mwambie mkwe wangu kwamba nampenda kabla sijamwona. Hilo bata msilitoe.

Barua yako nimempa fundi. Ameisoma mlangoni, akaingia ndani, akaisoma tena akiwa amekaa juu ya kochi la daktari wa meno. Alilia sana, kaka. Nisikufiche, alilia kama mtoto, mpaka kinyozi akaja na wembe mkononi kuuliza kuna nini. Kisha akanawa uso akaendelea na kazi.

Jibu lake ni hili. Uje. Kigoda kipo, kimetengenezwa kwa ajili yako, springi ya kati imefungwa kwanza. Mgongo wako umefikiriwa. Kochi la daktari halijavalishwa, kitambaa chake ni kizito, kinataka watu wawili, kwa hiyo linakusubiri.

Ila nyundo siachi. Wewe utakaa pale mlangoni kwenye kigoda chako, na misumari utanipitishia wewe.

Fundi wako